Injini Iliyoshika Mteremkoni

Gurudumu la nyuma liligoma kuzunguka. Sikuwa nimekanyaga breki. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki bila kuigusa, na mkono nilikuwa nimeulegeza kwenye mafuta kwa sababu tulikuwa tunateremka. Injini ilitoa sauti moja tu, kama jembe linapokutana na jiwe, kisha kimya. Pikipiki ikafia chini yetu huku bado inakwenda. Gurudumu la nyuma likaanza kuchora mstari kwenye udongo mwekundu, na mimi nikawa natafuta klachi kwa vidole kama mtu anayetafuta funguo ndani ya maji. Niliipata. Nilipoipata tulikuwa tumeshalala chini.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Nilipoinuka, ubavu ukinichoma kila nikivuta pumzi, nilimwona ameketi katikati ya barabara, miguu ameinyoosha, kama anachambua maharage. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Aliutazama kama kitu cha mtu mwingine alichopewa amshikie.

Akaniambia, "Baba watoto, vidole sivisikii."

Hapo ni mteremko wa mwisho kabla ya kuingia Murusagamba, kwao alikozaliwa. Hospitali walisema mishipa ya begani ilivutwa mpaka ikakatika. Mkono upo, una ngozi, una damu, lakini hauinuki. Na mke wangu ni fundi cherehani. Nusu ya watoto wa shule ya kwetu walikuwa wanavaa sare alizozikata yeye.

Nikwambie mapema kabisa: aliyefanya jambo hili namjua. Yuko hai, ana afya, kila asubuhi anafungua gereji yake pale senta ya Nyamigogo na kunywa chai yake. Jina lake sitaliandika. Wa kwetu watamjua bila jina, na wewe usiyemjua jina halitakusaidia. Yeye mwenyewe akisomewa haya atajijua.

Naandika kwa sababu watu wanasema nilikuwa nakimbiza pikipiki. Wakwe zangu walisema hivyo, jirani zangu wanasema hivyo. Mke wangu hakusema, lakini kuna siku alikuwa ananitazama nikimfunga kitambaa cha kichwa, maana kwa mkono mmoja hawezi, na nikaona macho yake yananiuliza. Mimi niliishia darasa la nne, kuandika kwangu ni kwa shida. Lakini kubeba kosa la mtu mwingine nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu, hilo ni zito zaidi kuliko kalamu.

Pikipiki yenyewe ni zile ndefu zilizoachwa na miradi ya wakimbizi ilipofunga na kuondoka. Tairi za meno, madigadi ya mbele imeinuka juu, kiti kiko juu mpaka mtu mfupi anapanda kama anapanda ukuta. Kwetu tunaiita Ndefu tu. Mvua ikinyesha, pikipiki za vijana wa bodaboda zinabaki kwenye tope zikizungusha gurudumu, Ndefu inapita. Nilikuwa naendea shamba, nabebea mihogo na maharage, nampeleka mke wangu mnadani kununua vitambaa, nikiombwa nampeleka mgonjwa zahanati. Mtu kama mimi, niliyevushwa mpaka kutoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama, nikakulia kwenye turubai, ukimpa kitu kinachomtoa penye tope hawezi kukichezea. Nilikuwa naiosha Jumamosi kabla sijaoga mwenyewe.

Ikaanza kutoa moshi wa bluu. Ikawa inakula oili, na mlimani inapumua kama mzee. Nikaipeleka kwa fundi.

Huyu fundi ni mtu wa maneno. Vijana wa bodaboda wanamwita Dokta, naye anaitika. Pikipiki anaziita wagonjwa. Aliipiga resi mara mbili, akainama kwenye ekzosi, akanusa kama mtu anayenusa mboga.

"Mzee, mgonjwa wako ringi zimekwisha na silinda imetanuka. Hapa hakuna dawa ya kumeza. Tufungue."

"Itapona?"

"Nitakurudishia msichana."

Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka.

Silinda ilipelekwa mjini ikachongwa, ikarudi inang'aa ndani kama kikombe cha harusini. Pistoni mpya, ringi mpya, nilinunua kwa muuza spea wa hapo hapo senta. Huyu naye nimtaje. Boksi aliloniuzia la gasketi, zile karatasi zinazoziba maungio ya injini, lilikuwa limeshafunguliwa. Ndani ilikosekana gasketi moja, ile inayokaa chini ya silinda, kati yake na tumbo la injini. Nilipouliza alisema, huku anamhudumia mtu mwingine, "Hiyo fundi atachonga. Wote wanachonga."

Ni kweli, wote wanachonga. Kwetu huku spea halisi inasafiri mpaka inachoka, kwa hiyo gasketi inatokana na kile kilichopo: kalenda ya mwaka uliopita, boksi la sabuni, jalada la daftari. Fundi anaweka karatasi juu ya chuma, anagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, tik tik tik, na ule ukingo wa chuma wenyewe unaikata karatasi. Ukiangalia unapenda. Karatasi inaanguka kwenye umbo lake, duara kubwa katikati pa kupitisha pistoni, matundu ya bolti pembeni, kama biskuti.

Alitumia boksi la sabuni. Nilikuwepo, nimekaa kwenye tairi bovu. Alikuwa ameweka simu begani, anabishana na mtu juu ya penalti ya jana yake. "Ile si penalti! Ile si penalti, nakwambia, mpira ulimfuata mkono!" Anagonga, anabishana. Akaipaka karatasi gundi pande zote mbili, akailaza, akashusha silinda juu yake. Akafunga hedi, kile kichwa cha injini chenye vali. Kisha akachukua rangi nyekundu ya kucha, akatia doa kwenye kila bolti na kila kifuniko, nusu juu yake, nusu kwenye chuma.

"Hii ni dhamana yangu," akasema. "Doa likikatika, nitajua kuna mkono mwingine umeingia. Na mimi sitibu mgonjwa aliyekwenda kwa mganga mwingine."

Sasa, huku kwetu injini iliyotoka kufunguliwa inaitwa mzazi. Sijui kama na kwenu ni hivyo. Mzazi halazimishwi. Siku ya kwanza anawashwa asubuhi, anaachwa anaunguruma polepole kwenye kivuli cha gereji mpaka jua linapopinda, hagusi barabara. Kisha anafungwa kitambaa chekundu kwenye usukani, na ukiwa na kitambaa hicho hupandi mlima na mzigo, humwazimi mtu pikipiki, hushindani na mtu. Wenzako wakiona kitambaa wanakupisha, wanakutania njia nzima.

"Hongera! Mtoto gani?"

"Wa kiume."

"Ananyonya?"

"Ananyonya petroli tu."

Na mzazi hafunguliwi. Hilo ndilo kubwa. Akilalamika unamwacha alalamike, kwa sababu vyuma vipya havijazoeana, na ukimfungua fungua unamtia homa. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa na mafundi, na hivyo ndivyo tunavyoambizana.

Ndefu ilianza kulalamika mapema. Ikiwa baridi hakuna kitu, inaunguruma vizuri, unajisikia mtu. Ikipata moto, juu kwenye hedi inaanza: ti-ti-ti-ti. Sauti nyembamba, kavu. Nikizima inaacha, nikiwasha ikiwa bado ya moto inaanza pale pale ilipoachia. Usingizi ukaanza kunipungua. Nilikuwa nikila nasikia ti-ti-ti, nikipalilia nasikia ti-ti-ti, mpaka kuku akidonoa bati nageuka.

Nikaanza kutafuta. Nilichomoa kijiti cha oili: imejaa, safi, rangi ya asali. Nikafungua plagi, nikaikuta nyeupe, imeungua. Nikasema labda hewa imezidi, nikageuza skrubu ya kabureta kidogo huku, kidogo kule. Ikabadilisha muungurumo, ile sauti haikubadilika. Nikakaza cheni. Nikafunga vizuri mkono wa ekzosi, labda unavuja. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye injini, mpini sikioni, kama nilivyoona madereva wa malori wakifanya. Chini, kwenye tumbo la injini, kulikuwa na sauti nzito, yenye mafuta, kama chungu kinachemka. Nilipohamishia juu kwenye hedi nikatoa sikio haraka. Ilikuwa kama mtu anasaga mchanga kwa meno.

Mke wangu alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anashona sketi. Aliachia miguu kwenye pedali, akasikiliza.

"Hiyo imekauka," akasema.

"Imekauka vipi? Oili imejaa. Njoo uone."

"Sijui ya kwako. Mimi mashine yangu ikilia hivyo, imekauka."

Nikamletea kijiti, nikamwonyesha oili inavyodondoka. Akainua mabega, akaendelea kushona. Nilibaki nimesimama na kile kijiti. Oili ipo, na mtu anasema imekauka, na sikio langu linakubaliana naye. Ukishindwa kuelewa kitu unachokipanda kila siku, na unampandisha mtu wako juu yake, kila ukikiwasha unakisikiliza kwanza.

Nikaenda kwa fundi. Hakuinuka hata kwenye kigoda.

"Mzee, kwani mkeo alipojifungua hakulia?"

"Alilia siku moja. Hii ni kila siku, na inazidi."

"Basi huyu wako amezaa mapacha."

Gereji nzima ikacheka. Nikamwambia tufungue vile vifuniko viwili vidogo juu ya hedi, vya tapeti zinazosukuma vali, tuwashe, tuone kama oili inarukia huko. Ni kazi ya spana moja. Akaacha kucheka. Akaniangalia mbele ya vijana wake.

"Umekuwa fundi lini?"

"Si ufundi. Nauliza tu kama oili inafika juu."

"Isifike iende wapi? Kwa jirani?" Akawageukia vijana. "Anamfundisha Dokta." Kisha akanigeukia tena. "Mzazi hafunguliwi. Ukitaka kufungua, fungua kwako. Lakini doa likikatika usirudi hapa."

Nikarudi nyumbani na doa zangu. Nilikaa mbele ya ile injini na spana mkononi, nikaiweka kwenye kifuniko, nikaitoa. Nilikuwa nimeuza kiasi kikubwa cha mavuno kwa ajili ya kazi ile. Nikikata doa na ikatokea kweli ni uzazi tu, dhamana imekwenda. Nisipokata, ti-ti-ti. Tuliokulia kwenye foleni ya kugawiwa unga tunajua kuogopa mtu mwenye kukupa. Ukimuudhi, safari ijayo kikombe chako kinapita. Fundi alijua kuwa hatuna fundi mwingine karibu. Ile rangi ya kucha haikuwa dhamana yangu. Ilikuwa yake.

Nilimrudia tena. Safari hiyo aligeuza kabureta, akabadilisha plagi, akasema petroli ya siku hizi ni chafu. Vifuniko hakugusa.

Kisha mama mkwe akapiga simu. Maharage yalikuwa yamekomaa, mvua inatishia, mgongo wake hauinami tena. Alimtaka binti yake. Mke wangu akaweka kanga zake kwenye mfuko, akaniuliza swali moja, akiwa amesimama karibu na Ndefu.

"Itafika?"

Nilipanda, nikaenda senta peke yangu. Nikamweleza fundi wazi, hakuna aliyeweza kusema hakusikia: ni safari ndefu, ya milima, nampakia mke wangu, naomba ufungue vifuniko uangalie, na doa utatia upya mwenyewe.

Akaipanda. Akazunguka nayo mpaka kwenye mashine ya kusaga na kurudi, upepo unampepea shati. Aliposhuka akafungua kile kitambaa chekundu kwenye usukani, akanirushia.

"Mzazi ametoka nje. Nenda naye hata Bujumbura."

Vijana wakapiga makofi.

Hayo makofi nayakumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu. Alikuwa amempa mke wangu ruhusa ya kupanda.

Tuliondoka asubuhi kukiwa na baridi. Kwenye lami ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujiona mjinga. Tulipoiacha lami na vumbi kuanza, sauti ikarudi. Nikasimama. Nikatema mate kidogo kwenye hedi, yakachemka yakapotea kabla hayajasambaa. Tukakaa ukingoni mwa barabara, mke wangu anamenya ndizi, mimi nimeweka kiganja hewani juu ya injini kama anayepima homa.

"Inasemaje?" akaniuliza.

"Inasema tusubiri."

"Basi tusubiri. Maharage hayana miguu."

Tukaenda hivyo, tunapanda kidogo, tunasimama, tunapanda. Vijana wa bodaboda walitupita wakipiga honi, mmoja akapaza sauti, "Mzee, hiyo ni pikipiki au ng'ombe wa maziwa?" Huo ndio mwendo ambao watu wanasema nilikuwa nakimbiza. Kwenye vilima vikali nilimshusha mke wangu akapanda kwa miguu, nami naisindikiza tupu kwa gia ya kwanza. Alipofika juu alikuwa anatweta na kucheka, ananiambia kwao wataona nimempeleka kama punda aliyechoka.

Kilima cha mwisho kile, tulipofika juu, ile ti-ti-ti ilikuwa imekoma. Nilidhani imepoa. Kukawa na mkwaruzo tu, mdogo, chini ya muungurumo. Migomba ya Murusagamba ilikuwa inaonekana bondeni. Nilikuwa nimekusudia kusimama pale penye tambarare chini ya mteremko. Kilichofuata nimeshakisimulia.

Pikipiki ilibaki kwa mama mkwe, imeegemezwa ukutani nyuma ya jiko, wakati sisi tuko hospitali. Niliporudi kwao kumshukuru mama kwa chakula alichokuwa anatuletea, nilimkuta kaka mkubwa wa mke wangu, muramu wangu, amekaa uani. Nikamwamkia shikamoo, maana amenizidi umri. Hakuitika. Alitazama ubavu wangu uliofungwa bandeji, akatazama Ndefu.

"Muramu," akasema, "watu wa kwenu mmezoea kukimbia tangu huko mlikotoka. Ila mara hii ulikuwa umembeba dada yangu."

Mama mkwe akamwambia nyamaza. Akanyamaza, lakini neno lilikuwa limeshatua. Miaka yote nimelima nchi hii, nimezaa nchi hii, na neno hilo lilikuwa limekaa mfukoni mwake linasubiri siku yake.

Nikamwambia, "Leta spana. Na wewe ndiye utakayefungua, si mimi. Mimi nitakuonyesha tu bolti ipi."

"Mimi si fundi."

"Ndiyo maana."

Akadhani namtania, akaona simtanii. Akakunja mikono ya shati. Tuliilaza Ndefu kwenye majani ya migomba. Muramu wangu akakata zile doa nyekundu moja moja, na kila moja ilipokatika nilisikia raha ya hasira. Kifuniko cha kwanza cha tapeti kilitoka. Akaingiza kidole, akakitoa. Kilikuwa na unga mweusi, mkavu, kama masizi ya sufuria.

"Hapa panatakiwa kuwa na nini?"

"Oili."

Akafungua bolti ya chini, oili ikamwagika kwenye karai, nyingi, mpaka ikamrukia miguu. Akanitazama, akatazama karai, akatazama kidole chake cheusi. Mtu mzima yule, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili, akaanza kusema kwa kunong'ona.

"Chini imejaa. Juu hakuna."

"Endelea."

Tukatoa hedi. Chuma kinachozunguka na kusukuma vali kilikuwa kimeungua rangi ya bluu, kimejichimbia kwenye kitanda chake na kushikana nacho, ndiyo maana injini ilijifunga ghafla. Tukavuta silinda. Ikatoka kwa shida, imeng'ang'ania gundi. Na chini yake ikawa imelala ile karatasi ya boksi la sabuni, herufi za sabuni bado zinasomeka.

Kwenye chuma, pembeni, kuna kitundu kidogo ambacho oili inapandia kwenda juu. Si kikubwa, kijiti cha kiberiti kinapita. Kwenye silinda kuna kitundu kingine kama hicho kinachokipokea. Katikati yao ilikuwa karatasi nzima, haijatobolewa. Pale palipokuwa na kitundu palikuwa pametuna, kama tumbo la chura, na alama ya mduara wa oili iliyokuwa inasukuma kutoka chini siku zote zile, inasukuma, haipiti.

Muramu wangu alichukua njiti ya kiberiti. Akaibonyeza pale. Karatasi ikatoboka mara moja, bila nguvu yoyote. Oili kidogo ikachuruzika.

Akafuta kidole kwenye jani la mgomba. Baadaye akasema, "Marahaba." Alikuwa anaitikia ile shikamoo ya asubuhi. Hakusema kingine, na mimi sikumdai kingine.

Karatasi ile nilirudi nayo Nyamigogo nimeilaza kati ya majani makavu ya mgomba. Nilimwonyesha mke wangu barazani, cherehani ikiwa imefunikwa shuka pembeni yake. Nilimweleza tundu lilitakiwa kuwa wapi. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaipeleka kwenye mwanga. Yeye ni mtu wa kukata vitambaa kwa kielelezo, anajua maana ya kusahau tundu la kifungo. Lile swali lililokuwa machoni mwake juu yangu nililiona linatoka, taratibu. Na likaja jingine.

"Alijua?" akaniuliza.

"Alisahau. Alikuwa kwenye simu."

"Kusahau sawa. Mtu anasahau. Nauliza siku uliyokwenda kumwomba afungue. Siku ile ya kitambaa. Alijua kuna kitu, akaona aibu mbele ya vijana wake? Au hakujali tu?"

Niliilaza tena ile karatasi kati ya majani yake.

Nilikwenda kwa fundi. Nilimwekea karatasi kwenye benchi lake. Aliitazama muda mfupi sana, mfupi mno kwa mtu anayeona kitu mara ya kwanza.

"Hii si yangu," akasema.

"Sabuni hiyo hiyo, gundi hiyo hiyo."

"Doa zangu ziko wapi?"

"Tumefungua."

"Basi mzee. Nilikwambia. Mmefungua wenyewe, mnajua wenyewe mlichoweka." Akachukua nyundo, akaanza kugonga kazi ya mtu mwingine. Vijana wake hawakucheka siku hiyo. Mmoja alikuwa anatazama chini.

Muuza spea aliniambia yeye anauza tu, hafungi. Mwenyekiti wa kitongoji alitusikiliza wote wawili, akasema ni ajali, tumshukuru Mungu tuko hai, twende tukaelewane kama majirani. Nilimuuliza tuelewane juu ya nini wakati mtu anakataa karatasi yake mwenyewe. Akasema ana kikao kingine. Fundi bado anaitwa Dokta. Bado anafunga vitambaa vyekundu kwenye usukani wa pikipiki za watu, bado anatia doa za rangi ya kucha. Na mimi kila nikiona kitambaa chekundu barabarani nasimama, namwambia mwenye pikipiki, fungua kifuniko cha tapeti uangalie oili inarukia, usimwogope mtu. Wengine wanafungua. Wengine wananiona nimechanganyikiwa.

Sasa nasema na wewe, fundi. Sikuombi mkono wa mke wangu, huna. Injini sitaki uiguse tena. Nakutaka uje kwangu mchana, watu wakikuona unakuja, uketi kwenye kiti barazani mbele yake. Muramu wangu atakuwepo. Mwenyekiti nitamwita, aache hicho kikao chake. Mke wangu atakuuliza mwenyewe, kwa mdomo wake: siku ile mume wangu aliposimama gerejini kwako akakwambia nampakia mke wangu, akakuomba ufungue vifuniko viwili, kazi ya spana moja, kwa nini hukufungua?

Umjibu yeye.